Leo nimembishia kaka mbele ya timu nzima

Jamani, bado siamini!

Mnajua ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, aliotuletea kaka Khalfan aliporudi kutoka masomoni. Leo tumecheza na wanachuo wa Ibra, hapa hapa kwetu Nizwa, Oman.

Pointi sawa. Imebaki nafasi moja tu ya kushambulia.

Kaka, ndiye kocha wetu, akasema: "Jikusanyeni katikati, msukume."

Mie nahodha, nikaona watu wa Ibra wote wamejazana huko huko katikati.

"La, kaka. Tutawanyike uwanja mzima."

Kaka hajapata kubishiwa, hata nyumbani.

Akanitazama. "Haya, wewe ndiye unayerusha. Ukikosa, shauri yako."

Tukatawanyika. Wa Ibra wakababaika, hawajui wamfuate nani. Nikamwona Said peke yake pembeni. Said yule yule ambaye mazoezini kila mpira unamponyoka! Sina mwengine. Nikarusha.

Akaudaka, wallahi! Akakimbia mpaka mwisho wa uwanja, kiatu kimoja kimemvuka. Tumeshinda!

Nikageuka kumtafuta kaka. Keshaingia uwanjani, kanzu yake ya dishdasha kaikunja mpaka magotini, anamkimbilia Said, anapiga kelele kutushinda sote!

Haya semeni kweli, nyie mngethubutu kumbishia?