Mama alikataa kukatwa titi, akingoja dawa ya kompyuta ya kaka yangu

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Nimeusoma ule uzi mliobishana kama kompyuta itapata dawa ya kansa. Wengine mmebishana kwa matusi, haya. Mimi sina elimu hiyo. Nina lililotupata nyumbani kwetu Gazi mwishoni mwa miaka ya tisini, na wallahi sifungi mtu kamba.

Kaka yangu Salim alikuwa ng'ambo masomoni. Kazi yao ilikuwa kuchukua kipande cha uvimbe wa mgonjwa, kuisoma DNA yake, kisha kompyuta inailinganisha na za wagonjwa wengine. Ikijulikana palipoharibika, watengeneza dawa wanapata pa kulenga. Leo mnaiita bioinformatics.

Alipotueleza kwa simu, mama alisikia moja tu: mwanangu anatafuta dawa ya kansa.

Basi Gazi nzima ikajua! Mama alikuwa akishona makuti ya mahoteli ya Diani, na wenzake wakimtania, "Mama daktari, tuagizie vidonge." Naye huwajibu, "Ngojeni, hamtaachwa."

Kisha akaota uvimbe titini. Akauficha. Niliuona siku aliposhikwa na homa nikamwogesha, nikampeleka hospitali Msambweni.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole. Akamwambia, "Shikamoo mama. Tukikata sasa, matumaini yapo."

Mama akaitikia, akashukuru, akajifunga leso yake vizuri. "Mwanangu ndiye anayeitafuta hiyo dawa. Nikikatwa na wengine, watu watasema hata mamake hamwamini."

Nilitamani ardhi inimeze.

Na kabla hamjaniuliza mbona hatukumlazimisha: nyinyi hamkumjua mama yangu. Mjomba alijaribu, akafukuzwa kwa mwiko.

Nikampeleka Kona ya Musa, kwenye duka lililokuwa na simu, nikampigia Salim nikamweleza yote. Akaomba kusema na mama. Mama akapiga kelele duka zima likageuka: "Usiwe na haraka, mwanangu! Fanya kazi yako vizuri! Mimi nakungoja!"

Aliponirudishia simu, Salim alikuwa analia. "Nimemwambia ni kazi ya miaka na miaka, pengine hata mimi sitaiona hiyo dawa. Nimemwambia akatwe. Ananiambia nisijishushe."

Alipopata nafasi ya kuja, uvimbe ulikuwa umeshapasuka. Tulifukiza udi nyumba nzima na harufu haikuondoka. Mama alikuwa hawezi kulalia ubavu.

Salim alikuja na laptop, ya kwanza mimi kuiona. Akaketi mkekani, akamwonyesha mama zile herufi za DNA, mistari kwa mistari. Nadhani alitaka aone kwa macho yake kwamba dawa haimo mle.

Mama akatazama sana. "Hawa ni watu?"

"Ni wagonjwa, mama."

"Wa wapi?"

"Ulaya. Marekani."

"Na wa huku kwetu?"

Salim akainamisha kichwa. "Hakuna, mama."

"Sasa hiyo dawa itamjuaje mtu wa Gazi?"

Kisha mama akasema, "Nipelekeni nikakatwe. Wapate langu."

Wakuu, niliumia. Kukatwa ili apone alikataa, kwa ajili ya kazi ya mwanawe akakubali.

Daktari alitueleza wazi kwamba kupona hakupo tena, ila kukata kutampunguzia adha. Kwa idhini ya mama, Salim akapewa kipande kidogo. Kilichobaki, kwa desturi yetu, hakitupwi. Tulikifunga kwa kitambaa cheupe, Salim akachimba mwenyewe makaburini, tukafukia. Tulianza kumzika mama angali hai.

Jioni ile akamuuliza Salim, "Umeshanisoma?"

"Bado, mama."

"Taratibu tu. Usikosee."

Alifariki kabla majibu hayajatoka. Baadaye Salim alipiga simu kuniambia kwamba DNA ya mama imesomwa, imeingizwa pamoja na za wale wengine. Nikamuuliza kama imesaidia. Akasema labda siku moja. Hadi leo sijasikia dawa iliyotokana nayo, na nimeacha kuuliza.

Msiniambie mama alikuwa mjinga. Alimpenda mtoto wake na alijivunia, basi. Ninyi wasomi, mkiwapigia wazee wenu simu kuwaeleza mnachotafuta, anzeni na miaka kitakayochukua. Ile kazi ya kompyuta ni ya haki, lakini ni ya wajao. Wewe wa leo una kisu cha daktari, nacho hakingoji.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Isipokuwa wewe unayesoma hapa huku una kijivimbe umekificha. Wewe usiandike kitu. Funga simu, nenda hospitali.