Taa ya Upande wa Kuume

Nimekuwa mtu wa kujisifu tangu ujana, na kitu nilichojisifia zaidi kilikuwa macho yangu. Nilikuwa shofere wa basi la wafanyakazi wa kampuni ya shaba hapa Lubumbashi, miaka ile ambayo kila mwanamume aliitwa citoyen, yaani raia, na kazi ilikuletea nyumba, unga na shule ya watoto. Basi siku ya uchunguzi wa mwaka, daktari alipolibonyeza jicho langu la kuume akasema ni gumu kupita kiasi, presha ya ndani imepanda, niliudhika kama mtu aliyetukanwa. Alinipa wiki moja. Nirudi nipimwe upana wa kuona. Nikishindwa, permi yangu ya kuendesha inabaki kwake.

Sisi mashofere tulikuwa na desturi yetu: aliyetangulia kwa daktari humfundisha anayefuata. Herufi za ukutani tulizijua kwa moyo, hata wasiosoma. Kwa hiyo mwenzangu mmoja, aliyepimwa kabla yangu, alinieleza kila kitu. Unaweka kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe, unakazia macho kitobo cha katikati, na taa ndogo inatokea pembeni. Ukiiona, unabonyeza kengele.

"Inaanza ku juu," aliniambia, "kisha kuume, kisha chini, kisha kushoto. Unahesabu tano, unabonyeza. Njo ile tu."

Nilikariri nyumbani kama katekisimu. Mke wangu, mtu wa kanisa, alinivumilia siku mbili akachoka.

"Baba ya batoto, unajifunza daktari ao unajifunza macho?"

Akaniketisha mbele ya ukuta, akanifunga jicho la kushoto kwa kitambaa, akaniamuru nitazame msumari. Kisha akatembeza mwiko wa bukari, ugali wetu, kutoka pembeni, na kila nilipouona alitia alama ya mkaa. Juu, sawa. Kushoto, sawa. Kuume, kuelekea chini, mwiko ukapotea.

"Umeificha?" nikauliza.

"Iko hapa. Niko naitikisa."

Nilitarajia giza, au walau doa jeusi. Hapakuwa na kitu. Ukuta uliendelea mweupe kama kawaida, bila pengo, ila mwiko haukuwamo. Jambo hilo lilinishangaza kuliko kunitisha. Nikamwomba arudie, alete kikombe, alete mkono wake mwenyewe. Vyote viliingia pale vikatoweka kimya kimya. Tulicheka mpaka mkaa ukamwanguka. Halafu nikaona aibu, maana tulikuwa tunachekea bukari ya watoto.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilijisemea kwamba wahenga hawakuwa na permi ya kulinda.

Siku ya kipimo nilihesabu. Juu, tano, kengele. Kuume, tano, kengele. Daktari akachungulia kutoka nyuma ya bakuli.

"Citoyen, umeona nini?"

"Taa, docteur. Ku kuume."

"Mi siyawasha bado."

Nikasikia kitu kikilia ta.

"Na sasa?"

Nilikikazia kitobo. Ningeweza kubahatisha tena, lakini hamu ya kujua ilishinda woga.

"Hapana, docteur. Hakuna kitu."

"Sasa njo imewaka."

Nikakumbuka barabara ya Kasenga asubuhi, wachuuzi wa samaki juu ya baiskeli zao, ukingoni, upande wangu wa kuume. Nikakumbuka pia abiria waliokuwa wakiguna ghafla nyuma yangu, nami nikiwauliza wanaguna nini na barabara ni tupu.

Nilimwomba daktari asiizime. Nikageuza kichwa polepole kuelekea kuume, mpaka ikatokea, karibu kabisa, ikiwaka kama ilivyokuwa ikiwaka muda wote. Nikatoa permi mfukoni, nikaiweka mezani kabla hajaniomba.