Msengi kaja kuposa kwa Msengi

Jamani, leo posa yangu nusura ivunjike kisa jina!

Mimi ni Neema Msengi. Mchumba wangu ni Yona Msengi.
Huku Kinyangiri, kwetu Wanyiramba, kuna Msengi fundi baiskeli, Msengi mchungaji, hadi kisima cha Msengi. Sikuwahi kuwaza kama jina litaleta shida.

Wageni wakajitambulisha. Shangazi yangu akainuka: "Msengi kwa Msengi? Hawa ndugu! Rudisheni soda ndani."

Mimi jikoni, sikio mlangoni.

Ndipo baba yake Yona akasema, "Dada, sisi ni Wagogo wa Kilimatinde. Baba yangu alipewa jina la Msengi, Mnyiramba aliyempokea bibi yangu wakati wa njaa."



Shangazi akakaa. "Kumbe tulishawapokea zamani. Haya, leteni soda."

Nimelia, nimecheka. Nyie mngefanyaje?