Amplifaya ya Hemedi

Usiku ule nililala na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya amplifaya.

Iko chumbani kwangu, ubavuni mwa kabati, imefunikwa kanga ya mke wangu. Ni ile ya zamani, yenye taa za kioo kwa ndani. Ukiiwasha zinaiva taratibu kama makaa yanayopulizwa. Nzito, watu wawili wanaibeba huku wanatukanana. Lakini sauti yake, acheni. Ukiifungulia mpaka mwisho, ukagusa waya mmoja tu wa gitaa kwa kucha, inakwaruza na kulia, na haikomi mpaka uizime mwenyewe kwa kiganja. Ilikuwa ya Hemedi, mpiga solo wetu. Mimi nilipiga ridhimu. Hatukuwa tukiitana majina. Yeye aliniita Ridhimu, nami nilimwita Solo, hata misibani.

Hemedi alifia mbele yake. Ilikuwa Jumapili, dansi la mchana, hapa Korogwe, kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa klabu ya wazungu wa mkonge. Kashika gitaa, akasogeza mdomo kwenye maiki aitikie, umeme ukamkamata. Nikamrukia nimtoe, ukanikamata na mimi. Nilipopata fahamu mwenzangu alikuwa kafunikwa shuka, na vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto vimejikunja hivi vilivyo mpaka leo. Watu huniambia nimshukuru Mungu kwa kupona. Namshukuru. Lakini waliotufanyia vile nawajua, na nawataja popote ninapokaa, simwogopi mtu. Wa kwanza ni Mbwambo, mwenye ukumbi, aliyevuta umeme kwa nyaya za kuokoteza akaona fundi wa nini. Wa pili ni Zuberi, kiongozi wa bendi. Siku ile aliambiwa gitaa linang'ata vidole, akasema tupige tu, watu wameshaingia. Mbwambo kajenga nyumba nyingine. Zuberi nasikia ni mzee wa heshima huko kwao, anasuluhisha ndoa za watu.

Familia ya Hemedi iliniachia mimi amplifaya. Tangu siku ile haijachomekwa. Sasa binti yake, Mwanaidi, ndiye mpiga solo wa bendi yetu ndogo, na mimi nimehamia kwenye besi, ambako vidole vilivyobaki vinatosha. Mwenye duka mmoja wa vyombo vya muziki alikuwa aje asubuhi na amplifaya mpya, nyepesi, tubadilishane, aondoke na ya zamani. Mimi nilitaka aichukue. Mwanaidi hakutaka hata kusikia.

Jioni alikuja tukabishana uani. Nikamwambia chombo kile ni kizito, kinavuma, na taa zake hazipatikani tena. Akanijibu kwamba mbona hata mimi ni mzito na navuma, na hakuna aliyesema nibadilishwe. Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele. Kisha binti akatulia. Akasema baba yake alipokufa yeye alikuwa anajifunza kutembea, sura yake haikumbuki, ila kwao imebaki kanda moja ya bendi, na sauti ile ya kukwaruza ndiyo baba anayemjua. Anataka kuipiga mwenyewe, kwa mkono wake.

Akaniambia, "Kesho asubuhi nakuja, baba mdogo. Kama unaitoa, unipe sababu ya kweli."

Nikaingia ndani nikalala bila kula.

Sijui nilikuwa nimelala kiasi gani niliposikia mvumo. Mdogo, wa chini, kama nyuki waliofungiwa kwenye mtungi. Nikafumbua macho, au nikaota kwamba nimefumbua. Kanga inatuna na kunywea juu ya amplifaya, taratibu, kama kifua cha mgonjwa. Kwa chini naona wekundu wa taa. Plagi naiona kwa macho yangu imelala sakafuni, haijachomekwa popote.

Nataka kumwamsha mke wangu, lakini upande wake hakuna mtu, kuna gitaa limefunikwa shuka mpaka shingoni.

Nikigeuka, Hemedi kakaa juu ya amplifaya, miguu inaning'inia, kama alivyozoea kukaa tukiwa mapumziko. Kavaa shati letu la bendi. Hajazeeka hata siku moja. Kwenye mdomo wa chini ana alama nyeusi, ndogo, kama mtu aliyelamba wino. Ananitazama bila chuki, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliposema, midomo yake haikucheza. Sauti ilitokea kwenye spika, chini ya mapaja yake.

"Ridhimu, twende. Watu wameshaingia."

Akainyanyua kwa mkono mmoja, kama kapu la sokoni. Nikamfuata. Mlango wa chumba changu unafungukia uani, miaka yote ninayokaa nyumba ile, lakini nilipovuka kizingiti nikakanyaga mbao za ukumbi wa Mbwambo. Jua la mchana linaingia madirishani. Watu wamejaa, wanacheza, vumbi linapanda, na hakuna kishindo cha mguu hata mmoja. Kuna mvumo tu. Wote wamenipa mgongo. Nikizunguka upande huu, migongo. Nikizunguka upande ule, migongo.

Jukwaani kuna viti vitatu. Mbwambo kakaa cha kwanza, Zuberi kakaa cha pili, mikono magotini kama watu wanaopigwa picha. Cha tatu kitupu.

Moyo wangu ukafurahi, sitaficha. Nikajua leo ndiyo leo, mwenyewe kaja na washtakiwa wake wamekalishwa. Nikaanza kusema. Nikamsema Mbwambo na nyaya zake, nikamsema Zuberi na tamaa yake ya ukumbi kujaa. Nilisema yote niliyoyasema kwenye vijiwe miaka hii yote, na kila neno linanitoka tamu. Hemedi alikuwa kainama anaichomeka amplifaya. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Mbwambo na Zuberi hawakubisha. Walikuwa wanakitazama kile kiti kitupu.

Ndipo nikamwona Mwanaidi. Ametokea mlango wa mbali kule nyuma, gitaa la baba yake begani, na waya wake mrefu unaburuta sakafuni mpaka kwenye amplifaya. Anakuja jukwaani, kwenye maiki. Wachezaji wanampisha bila kugeuka. Anatabasamu kama mtu aliyeitwa na wazazi wake. Nikapiga kelele asimame. Kinywa kimefunguka, sauti haipo.

Spika ikasema, "Plagi ina miguu mingapi, Ridhimu?"

Nikasema miwili. Hapo sauti ikanitoka vizuri kabisa. Mwanaidi akapiga hatua moja ndefu, akawa katikati ya ukumbi.

"Plagi ina miguu mingapi?"

Nikasema mitatu. Akasimama, mguu mmoja hewani.

"Wa tatu uko wapi?"

Nasikia kitu mfukoni. Natia mkono, nautoa: mguu wa juu wa plagi, ule mnene, wa shaba. Wa moto kama umetoka jikoni, na siwezi kuuachia. Vidole vyangu viwili vilivyokunjika vimeushika, na ndipo nikaona kwamba vimekunjika kwa kipimo chake.

"Nani aliung'oa?"

Nikasema Mbwambo. Mwanaidi akapiga hatua. Nikasema Zuberi, Zuberi ndiye aliyesema mvumo uondoke. Hatua nyingine. Sasa yuko mbele ya maiki, anarekebisha gitaa begani, anasafisha koo. Mvumo umepanda mpaka meno yananiuma. Namwangalia Hemedi anisaidie, naye anamwangalia mwanawe, na usoni pake natambua kwamba yeye hawezi kumzuia. Aliyekufa hana mkono. Kazi hii ameniletea mimi kwa sababu mimi ndiye niliyebaki na mikono.

Binti akasogeza mdomo.

Nikasema, "Mimi."

Neno likatokea kwenye spika, kubwa, la kukwaruza, likajaa ukumbi na halikufa. Watu wote wakageuka, na wote nawajua, ni majirani zangu wa vijiweni. Mvumo ukakatika. Kiti cha tatu nimekikalia, sijui nilifikaje.

Hemedi akanijia karibu. Safari hii alisema kwa mdomo wake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukauka, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Mimi siwezi kufa tena, Ridhimu. Yeye anaweza. Mwambie, halafu mwache achague."

Akanifungua vidole kimoja kimoja, akachukua ule mguu wa plagi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa ananitikisa. Kulikuwa kumekucha. Alisema nilikuwa narudia neno moja, mimi, mimi, mpaka akadhani napokea simu. Nikatazama pale kabatini. Kanga imetulia. Taa zimezima. Nje mtu alikuwa anapiga hodi, na sauti ilikuwa ya Mwanaidi.

Aliniamkia shikamoo, nikaitikia nusu. Nikamleta chumbani, nikafunua kanga, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingeyasema. Kwamba siku ile, kabla watu hawajaingia, amplifaya ilikuwa inavuma na Zuberi akataka mvumo ukome. Kwamba mpigaji mmoja wa Tanga aliwahi kunionyesha dawa: unang'oa mguu wa juu wa plagi, unachokonoa tundu kwa kijiti ili soketi ikubali, mvumo unakufa. Nikaung'oa. Ukafa kweli. Ulivyokufa mvumo nikajiona fundi. Kwamba baadaye hospitali, jirani yangu wa kitanda, mtu wa umeme, alinieleza kwamba mguu ule ndio unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, na bila huo unapita kwa mtu. Sikumuuliza swali la pili. Nikawa nawataja Mbwambo na Zuberi. Na sijawasamehe, nyaya zile ni za Mbwambo na amri ile ni ya Zuberi. Lakini jina la tatu ni langu. Nikamwambia mwenye duka yuko njiani, na kwamba chombo ni cha baba yake. Akitaka kiende, kiende. Akitaka kibaki, kibaki, ila hakichomekwi popote mpaka fundi wa kweli akirudishie mguu wake na kukikagua chote.

Mwanaidi hakulia. Alichuchumaa, akavuta waya kutoka nyuma ya amplifaya mkono kwa mkono mpaka akaipata plagi. Akaigeuza kiganjani. Akapitisha kidole gumba mahali palipo wazi, mara mbili, kama mtu anayepapasa pengo la jino.

Akauliza bila kuniangalia, "Baba alijua?"

Nikamwambia hakujua. Siku ile Hemedi nilimwambia mvumo nimeutengeneza. Akanishukuru.