Mdomo wa Kuazima

Mkalimani wa mahakama ya rufaa alikuwa na neno moja la Kiingereza alilolitunza kama mboni ya jicho: concur. Wengine hulifasiri "nakubali", basi, wamemaliza. Yeye, thubutu! Kukubali, alikuwa akisema, hata aliyekabwa koo hukubali. Majaji huketi watatu. Mmoja husoma uamuzi, kisha wenzake, kila mmoja kwa kinywa chake, hulitamka neno hilo: kwamba kesi nimeipima kwa akili yangu, nami nimefika pale pale alipofika mwenzangu. Mkalimani husema, "Naafiki." Jaji akinyamaza, naye hunyamaza, ukumbi mzima na ukohoe utakavyo. Ukiazimwa mdomo, usitie la kwako.

Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Nyumbani aliishi na mama yake, fundi cherehani wa zamani ambaye masikio yalianza kumgomea. Tangu mama alipougua, mkalimani, binti yake, ndiye aliyemsemea kwa daktari, dukani na kwenye simu. Jumapili moja kaka mkubwa akaja na mpango wake: mama ahamie kwake, nyumba ipangishwe, cherehani itafutiwe mnunuzi. Alieleza kwa kirefu, mpango ukanoga. Mkalimani alikuwa hoi bin taabani kwa kuuguza na kwenda kazini, na moyoni alimwombea kaka afanikiwe.

Kaka akamgeukia mkalimani. Mama je, anasemaje?

Mama alikishika kikombe chake, macho kwenye cherehani. Kimya.

"Mama ameafiki," mkalimani akasema, chap.

Kaka akacheka, akasema kunyamaza ndiko kukubali, akatoa simu ampigie mwenye gari la kuhamisha vyombo. Mama akatua kikombe. Kumbe siku hiyo masikio yalikuwa mazima.

"Mwanangu," akasema, "mdomo wangu nilikuazima nikiwa mgonjwa. Leo nani kakupa?"

Aibu ilimshika mkalimani mpaka masikio yakawaka moto. Kazini asingethubutu. Akamwambia kaka aweke simu, neno lile lilikuwa lake yeye mkalimani, amemvisha mama. Kisha akasogeza kiti, akamuuliza mama upya, akasubiri kama anavyosubiri majaji. Chai ikapoa.

"Sihami," mama akasema hatimaye. "Cherehani yangu iko hapa, na mimi niko hapa. Lakini wewe umechoka, nakuona. Kwa nini husemi?"

Mkalimani, msema ya watu kutwa, akakosa la kwake. Machozi yakamtoka. Akasema tu kwamba ndiyo, amechoka sana.

Mama akamgeukia kijana wake mkubwa. Basi yeye atakuwa anakuja kulala hapa kila Ijumaa mpaka Jumapili, dada yake apumzike. Anasemaje?

Kaka akajikuna kichwa. Akatazama dari, akatazama simu, mwisho akamtazama dada yake, amsemee.

Mkalimani akafuta machozi, akanywa chai yake ya baridi, akasubiri.