Kaka Yake Mheshimiwa

Fundi rangi mmoja, ambaye kazini walimwita Brashi, alikuwa na ugonjwa wa kujuana na wakubwa. Akikupakia rangi sebule leo, kesho wewe ni rafiki yake. Na kama una gari, keshokutwa ni ndugu. Siku alipomaliza ukuta wa ofisi ya diwani, mheshimiwa alimpa mkono akamwambia, "Kazi nzuri, ndugu yangu." Maskini, hakujua kwamba ameshajipatia mdogo wake.

Mambo yangeishia kwenye majigambo tu kama si msimamizi wa jengo. Asubuhi moja aliwakusanya mafundi, akataka kila mmoja aingize kwenye simu taarifa za dharura: mtu wa kupigiwa ukipatwa na jambo, na dawa zinazokudhuru. Hizo husomeka hata simu ikiwa imefungwa. Wenzake wakaandika mke, mama, shemeji. Brashi akajitenga kwenye mifuko ya saruji, amekunja uso kama anatunga sheria za nchi. Mtu wa kupigiwa: Mheshimiwa Diwani. Uhusiano: kaka. Dawa zinazomdhuru: hakuna.

"Na mkeo?" akauliza fundi bomba, aliyekuwa akimchungulia begani.

"Mke wangu atafanya nini zaidi ya kulia? Ukianguka unataka mtu ambaye akipiga simu, milango inafunguka. Nyinyi andikeni shangazi zenu."

"Na ile sindano ya mwaka jana, iliyokuvimbisha ukafanana na puto?"

"Yule alikuwa mbu."

Wiki ya pili yake, Brashi alikuwa juu ya jukwaa akimsimulia fundi bomba jinsi diwani asivyoamua jambo bila kumwomba ushauri. Akarudi nyuma hatua mbili autazame ukuta wake vizuri. Jukwaa lilikuwa na nafasi ya hatua moja.

Hakufa, watu wa namna hii hawafi ovyo. Ila alitua kwa kidevu na mkono wa kulia. Msimamizi akamfikisha hospitali, akamkabidhi muuguzi simu ya mgonjwa, akarudi kazini. Mkono ukafungwa, ulimi aliouuma ukashonwa, mdomo ukajazwa pamba. Mtu ambaye hakuwahi kunyamaza tangu aachishwe ziwa akalala kimya, anaona na kusikia kila kitu.

Muuguzi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akafungua ile sehemu ya dharura. "Dawa zinazomdhuru, hakuna. Vizuri. Lo, kumbe tuna mtu mzito hapa." Akapiga, akaweka spika.

"Mheshimiwa yuko kikaoni," ikasema sauti ya msaidizi. "Kama ni habari ya taa za barabarani, leteni kwa maandishi."

"Ni kaka yake, ameanguka."

Ikasikika minong'ono, kisha sauti nzito. "Kaka yangu yupi? Mama yangu alizaa wasichana sita na mimi. Dada, huyo tapeli mshikilie hapo hapo." Simu ikakatwa.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka gubigubi, na shuka ikawa inatetemeka. Brashi akatamani bora angetua kwa kichwa.

Lakini aibu haikupata hata muda wa kukaa. Muuguzi alikuwa tayari anavuta dawa kwenye sindano. "Penisilini kidogo, kidonda kisioze," akasema. Ile ile. Mwaka jana koo lilimziba, mkewe akamkimbiza kwa daktari, na daktari akasema wazi: nyingine itamuua. Brashi akatikisa kichwa, akapunga mkono wa kushoto, akatoa sauti kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio.

"Tulia, baba. Watu wazito ndio mnaongoza kwa kuogopa sindano." Akamgeuza ubavu.

Simu ya mgonjwa ikalia. Muuguzi akapokea kwa mkono mmoja.

"Mimi mkewe, nimeambiwa na fundi bomba. Mmeshamchoma chochote? Penisilini msimpe. Mara ya mwisho nusura nimzike."

Muuguzi akaiweka sindano chini taratibu. "Mbona ameandika hakuna?"

"Huyo huandika anayoyapenda, mama."

Mke alifika na futi ya ushonaji ikining'inia shingoni. Hata cherehani hakuifunika. Muuguzi akamwonyesha simu. Akasoma mpaka mwisho, akavuta kiti, akaketi. Wala hakupandisha sauti.

"Miaka kumi na minne nafua ovaroli zako. Sawa. Wameniambia wiki mbili hutatafuna kitu. Nimpigie kaka yako aje na kijiko?"

Brashi akatikisa kichwa, polepole.

Mke akamwekea simu kwenye mkono wa kushoto, yeye akashika kikombe cha uji wa hospitali, akangoja. Kwa dole gumba lisilozoea kazi, Brashi akamfuta mheshimiwa herufi moja moja. Akaweka namba ya mkewe.

"Uhusiano."

Akaandika mke.

"Na dawa."

Penisilini ilimshinda mara tatu. Mke akamrudisha mara tatu. Muuguzi akaja kutoa pamba, na mke akachota uji, akaupuliza.

"Fungua mdomo," akasema. "Kidogo tu. Usije ukaanza kuongea."