Rumeti wangu Mngoni alivyokuja kuniteka msibani kwa mama

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri, ingawa nadhani humu hakuna.

Nimesoma uzi wa kijana anayelalamika kwamba rumeti wake wa hosteli anamlia mkate. Nimecheka mpaka meno ya bandia yameanguka. Sasa nisikilizeni mimi, na sina umri wa kudanganya tena.

Miaka ya hamsini nilikuwa chuo cha ualimu, Nachingwea. Bweni letu lilikuwa banda la mabati waliloliacha Wazungu wa karanga. Karanga zao ziligoma kuota, sisi tukaletwa tujaribu.

Kitanda cha jirani alilala Lukas, Mngoni wa Songea. Mimi Mmwera wa Mbekenyera. Wangoni ni watani wetu, babu zao waliwateka babu zetu, basi Lukas akaona na mimi mali yake. Anavaa kanzu yangu, anakula mihogo yangu. Nikifoka, ananijibu: "Mateka hana mihogo, nyamaza."

Jioni nilizoea kuwaigizia wenzangu mama yangu anavyogomba. Lukas alimpenda mama bila kumwona.

Mama akafariki.

Mkuu wa chuo akamruhusu Lukas anisindikize. Tulikwenda kwa miguu, na njia nzima hakutania hata kidogo. Nikamwogopa.

Baada ya maziko mjomba, kaka yake mama, akatamka mbele ya watu: masomo basi, nibaki nilime, nitunze wadogo zangu. Kwetu neno la mjomba halijibiwi. Nami niliutaka ualimu kuliko kitu chochote. Nikalia, watu wakadhani namlilia mama tu.

Ghafla Lukas huyo, katoka ndani kajifunga kaniki ya mama! Akaniwakia kwa sauti ileile niliyokuwa naigiza bwenini: "Weye mtoto! Umeketi unangoja nini? Shule unamwachia nani?"

Wanawake wakacheka huku wanalia. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha akajilaza mlangoni. "Mjomba, huyu mateka wangu tangu enzi za babu. Siondoki bila yeye."

Mtani msibani hakatazwi, wakuu. Mjomba akaleta jogoo anikomboe. Lukas akampokea, akashukuru, akaendelea kulala. Watu wazima wakawa wanamruka kuingia ndani, mpaka mjomba naye akashindwa kujizuia, akacheka.

"Haya, mchukue, kwanza anakula sana. Wadogo zake nitawalea mimi."

Asubuhi tuliondoka watatu: mimi, Lukas na jogoo. Jogoo aliishia Ruangwa, chunguni.

Nilifundisha mpaka nikastaafu. Masomo ya chuo nimeyasahau karibu yote, ila kuishi na mtu anayekukera mpaka awe ndugu yako, hilo nililisoma bwenini. Kijana wa mkate, mwache ale.

Lukas alipofariki nilipanda basi hadi Songea. Nikavaa koti lake, nikajilaza mlangoni kwake, nikadai nirudishiwe mtu wangu. Wajukuu zake wakaniletea jogoo.

Nilimkataa.

Haya, nanyi semeni: rumeti wako ukifiwa atakuja kulala mlangoni kwenu?